Mikeka Chini ya Dirisha la Mama

Maskati

Kwa mdogo wangu Somoe,

Salamu nyingi ziwafikie wote hapo Kilwa Masoko. Mama umpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, umtazame usoni anavyoipokea, kisha uniambie. Kile kiharusi kimemwachia kiasi gani? Ulimi unarudi, au ndio umezidi kuwa mzito? Na wewe je, wanakulisha vizuri huko ndani walikokuweka, au umekonda kwa kumuwaza bwana harusi? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako ikiita nyumba nzima inakuja kusikiliza. Anayekuletea ni jirani yetu anayerudi likizo. Kwenye bahasha mna karatasi mbili. Moja ni ya kumpa Ba'mdogo uwakala, nyingine ni mchoro wangu ambao sasa hauna kazi.

Likizo nimenyimwa. Niliomba mara tatu. Msimamizi wangu akasema huu ndio msimu wa harusi, na mpanga viti haondoki ukumbini msimu wa harusi. Nikamwambia dada yangu naye anaolewa, baba yetu hayupo duniani, mimi ndiye walii wa kumuozesha. Akanipa pole, kisha akanionyesha viti vya kugeuza vitazame bustani.

Nikavigeuza, na hapo ndipo lilipoingia wazo la kuigeuza na harusi yako. Chumba cha mama kiko nyuma, dirisha lake linatazama uani. Nikajiuliza, kwa nini wanaume wakae mbele barazani kama kawaida, mama asisikie hata neno moja la ndoa ya binti yake wa mwisho? Nikachora. Masufuria yahamie mbele, akina mama wapike barazani. Ua wa makuti ufunguliwe pembeni, wanaume wapite bila kukatiza ndani ya nyumba. Shehe, bwana harusi na mashahidi wakae kwenye mikeka chini ya dirisha lake. Nilichora hadi mahali pa kuvulia viatu.

Nilipompigia Ba'mdogo kumweleza, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nassoro mwanangu, marehemu baba yako aliozesha dada zake pale barazani, na mie nimeozesha wangu pale pale. Leo nimkalishe shehe jikoni? Watu watasema tumepungukiwa akili." Nikamwambia walii ni mimi. Akajibu kwa upole, "Ndiyo, baba. Basi njoo uozeshe." Kinachoniuma ni kwamba hakunitukana wala hakukosea.

Nikaharibu zaidi. Nikasema basi mama abebwe na kitanda chake atolewe barazani, wanaume wanne watamweza. Kumbe simu ilikuwa kwenye spika, na mama alikuwa hapo hapo. Nilimsikia akisema polepole, "Mie nitatoka humu nimelala siku moja tu. Msiniwahishe." Wallahi Somoe, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka sita ya kupanga kumbi za watu imenifanya nimhamishe mama yangu kama meza, nikasahau kwetu ni nani anayetolewa nje amelala kitandani. Nimemwomba radhi, naye amesema yamekwisha. Kwangu hayajaisha.

Kwa hiyo nimetia sahihi. Ba'mdogo atakuozesha kwa niaba yangu, barazani, vile anavyotaka yeye. Nimeshampa nafasi yangu, siwezi tena kumpangia pa kukaa.

Limebaki jambo moja, nalo liko kwako. Kabla ya ndoa kufungwa, Ba'mdogo na mashahidi wataingia ndani kukuuliza kama umeridhia. Najua kungwi wako ameshapamba chumba cha mbele kwa mapazia. Usikae huko. Kaa kitandani kwa mama, upande wa kulia, maana sikio la kushoto halimsaidii tena. Popote ulipo, wao ndio watakaokufuata. Wakikuuliza, usiinamishe kichwa ukanyamaza ili kungwi akujibie. Jibu mwenyewe, kwa sauti, mama asikie. Watasema bibi harusi hana haya. Waache waseme.

Kungwi akikataa, au Ba'mdogo akiagiza uletwe mbele, mimi sitajua mpaka mambo yameisha, na hata nikijua sina la kufanya. Neno hilo, sina la kufanya, nimelisema mwezi mzima na bado halijanizoea mdomoni.

Ba'mdogo mfikishie shikamoo yangu, wala usimwonyeshe kuwa nimenung'unika. Nisalimie shangazi wa Mtama akishafika, na kungwi wako, hata kama mtagombana kwa ajili yangu. Shemeji yangu mtarajiwa mwambie nimemkabidhi mtu, si mzigo. Mama umbusu mkono.

Ni mimi kaka yako, walii wako wa kwenye karatasi,

Nassoro