Usiyafute Makosa ya Bangoni

Lipangalala, Ifakara
15 Machi. Asubuhi kulinyesha manyunyu.

Mdogo wangu Edna,

Umetuandikia kwamba unataka kufuta kwenye bango lako orodha ya makosa ya ile programu yako ya simu, inayotambua ugonjwa wa mpunga kwa picha, kabla ya kongamano, maprofesa wasije wakakucheka.

Jana jumuiya yetu ya kanisa ilisali hapa nyumbani, na nakala ya bango lako iko ukutani. Mama Wendelin akauliza, "Simu ikisema mpunga mzima kumbe unaumwa, tutakula nini?"

Mama yetu akamjibu, "Si ameandika hapo chini inapokosea? Wewe makosa yako umeyaandika wapi?"

Tulicheka sana! Leo Mama Wendelin amerudi mwenyewe, anataka jaruba lake la mpunga lipigwe picha, "maana huyo mtoto hafichi."

Basi makosa hayo yaache yaonekane. Ni saa nne usiku, nakwenda kulala.

Dada yako akupendaye,
Bibiana