Yaya, Tuba Yako Haipandi Kamiyo

Kwa yaya wangu Paluku, kaka yangu mukubwa, kule Beni,

Dereva wa kamiyo, ile lori inapita na askari, amenifikishia habari yako: nikutumie tuba, ile baragumu kubwa ya sauti nzito, kwa kamiyo yake, sababu parokia ya kule inatafuta mupigaji. Soma pole, jibu inakuja.

Unakumbuka siku padiri alituletea zile tuba mbili hapa Butembo? Wewe mwenye kuzaliwa mbele ulipewa ile kubwa: bomba pana, mudomo wazi kama sufuria ya karamu, pistoni ine za kubonyeza na vidole. Mimi nikapewa ile nyembamba ya pistoni tatu. Kwetu Paluku, jina la mutoto wa kwanza, anakula; Kambale, wa pili, anakomba sufuria. Hata mu fanfari, bendi ya kanisa.

Miaka yote nilipuliza kama mutu anapuliza makaa yenye kukataa kuwaka. Nikishuka chini kabisa, pistoni tatu hazitoshi, sauti inapanda kidogo, lazima nilegeze midomo niirudishe. Wewe umekaa pale umetulia, benchi za kanisa zinatetemeka. Bibi yangu Kavira, mama ya mutoto wetu Muhindo, akasema mbele ya batu: "Ya shemeji inaingia mu kifua. Yako, baba Muhindo, inaniita kama mbuzi." Bakacheka. Wewe pia ulicheka, yaya, nilikuona.

Nikajisemea: ni chombo tu. Banipe kile chombo, bataona.

Basi ulienda Beni kutembea, vita ikakata njia, ukabakia kule, chombo kikabaki kwangu. Sikukuu ya Bikira nikakipuliza. Lakini yaya, ile kitu inakunywa pumzi kama askari anakunywa pombe ya kasiksi. Nilisukuma vile bomba nyembamba ilinizoesha, pumzi ikaisha katikati ya wimbo, sauti ikatoka imebanwa. Kavira akaniletea maji ya kunywa. Afadhali angenitukana.

Sasa kila asubuhi, na hii baridi yetu, ninajifunza kutoa pumzi ya moto, pole, kama mutu anapasha mikono. Jana sauti moja ya chini ilitoka nzuri. Moja tu. Zamani nilionea wivu tuba yako. Leo naonea wivu mapafu yako, na hiyo ni mbaya zaidi, maana mapafu hakuna mutu anaweza kukuachia.

Donc, jibu ni hapana. Nikiituma, batu ba Beni batakusikia, batakupenda, batakupa na kiwanja, na hutarudi tena. Ninakujua. Bakuazime tarumbeta. Siku njia itatulia, kuja uichukue wewe mwenyewe. Na mbele ya kuibeba, utakaa hapa karibu yangu, utapiga, nami nitaweka mukono juu ya tumbo yako nijue unafanya namna gani.

Mudogo wako, mwenye kukukatalia,
Kambale