Thamosi Zisizotunza Joto

Busia

Shemeji Shafic uliye Guangzhou,

Tunakusalimu. Mama amepona kifua, na mahindi yamestawi.

Thamosi ulizotuma niuze dukani hazitunzi joto. Bibi Nasirumbi wa Buhehe alirudisha yake akasema, "Hadijah, chai ilipoa kabla sijafika shambani." Nilipokupigia simu ukanijibu, "Changanya na nzuri, watu wa vijijini hawatajua." Basi nilizipasua zote mbele ya duka, soko zima likiona.

Kaka yako amehamia kwa Mama. Anasema nimeaibisha ukoo. Sitaomba radhi, na duka sifungi.

Pasipoti yangu imetoka. Nakuja mwenyewe huko kiwandani zinakotengenezwa, nizitie thamosi maji ya moto na kusubiri, ndipo ninunue. Ukipenda unipokee; usipopenda, njia nitaiuliza.

Mke wa kaka yako bado,
Hadijah