Kiti cha Bingwa Kinakuja

Zuhura mdogo wangu, salaam kutoka kwa kaka yako mwenye bahati zake. Mitumba nimeuza yote, halafu nimemfunga tenisi Mama Komba, bingwa anayecheza kwenye kiti cha magurudumu, ambaye vikombe alivyoshinda Ulaya anawekea chumvi. Nimejishindia kiti chake cha zamani.

Ukungu wa milima ya Matogoro ulishuka uwanjani nikawa simwoni. Nasikia magurudumu yanasaga changarawe kushoto, mpira unatokea kulia. Kile kiti cha zamani kilikuwa kitupu karibu na wavu. Kila nikigeuka nakikuta kimesogea, kimenielekea mimi. Na upepo hakuna. Mimi niliyelala maporini Msumbiji, nikauacha mpira upite, nikaita:

"Mama, nani anakisukuma?"

"Hakuna mtu. Kimechoka kungoja. Nani kwenu hatembei?"

Wallahi sikuwa nimekutaja. Ndipo nikamweleza ile homa iliyokuchukua miguu, na mkeka unaoshinda juu yake.

Jumamosi nakileta juu ya basi. Mwambie mama apanue mlango, nawe ujiandae kunikimbiza.

Ila sikumfunga, Zuhura. Sikupata hata pointi moja. Kiti amekupa mwenyewe.