Tuta Linalotembea

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za Mama, na uzipokee ukiwa umekaa na umekula, kwa sababu barua hii ni ndefu na wewe ukiwa na njaa husikii la mtu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, bado wanamkumbuka shangazi yao, au wamebaki kunijua kwa picha tu? Mwambie wifi mafuta ya mikono aliyonitumia yamefika, nami najipaka kila siku kabla ya kuingia kazini, ingawa wagonjwa wanasema sindano zangu zinauma vilevile.

Sisi huku tunaendelea. Mengine nitayasema kwa mpangilio wangu, na nakuomba usiruke mistari. Nakujua vizuri. Tangu utotoni ulikuwa ukifungua kitabu unaanza na ukurasa wa mwisho, kisha unatuharibia sisi wengine.

Barua yako niliipata. Umeandika kwa ukali kweli, nami niliisoma tena na tena nikimtafuta yule kaka ninayetaniana naye, nikamkosa. Unasema rafiki yako anayeendesha basi amekueleza kwamba Mama amekuwa kichekesho cha barabara kuu, kwamba kila asubuhi anaburuta foleni ya magari nyuma ya kile kigari cha kijani ulichotuachia, na kwamba madereva wamempa jina la Tuta Linalotembea. Unaniagiza niliuze gari upesi, Mama atulie nyumbani ashone nguo kama mama za watu. Kaka, yote aliyokueleza rafiki yako ni kweli, au tuseme yalikuwa kweli. Hilo jina Mama analijua, na nadhani analipenda. Lakini gari siuzi, na sababu nitakupa.

Wewe uliondoka barabara ikiwa mashimo matupu. Siku zile, katika chumba chetu cha kufungia vidonda hapa hospitali, watu wa barabarani walikuja wakilalamika migongo na viuno. Kisha ikawekwa lami mpya, nyeusi, laini, mji mzima ukatoka kwenda kuishangaa. Tangu hapo tukaanza kuletewa watu wasiolalamika chochote. Utanielewa. Malori yanayotoka mbali yakifika kwetu yanadhani bado yako porini, mabasi yanashindana, na vijana wa pikipiki wanapenya katikati kana kwamba kila mmoja ameacha roho ya akiba nyumbani. Tulipeleka ombi la matuta, tukajibiwa kwamba barabara kuu haiwekwi matuta. Wazazi wakajijengea la kwao mbele ya shule kwa udongo na mawe. Hata halijakauka, greda likaja kulisawazisha. Tukabaki kuambiana kwamba ajali haina kinga, maneno ambayo Mama hawezi hata kuyasikia. Yeye husema kama ajali haina kinga, basi breki waliziweka kwenye magari kwa urembo.

Unakumbuka Mama anapokaa na cherehani yake, barazani, uso ukielekea barabarani. Karibu sare zote za shule za mji huu zimepita mikononi mwake. Majina ya watoto hayamkai kichwani, ila viuno vyao anavijua, na mtoto akipita amenenepa anaambiwa hapo hapo. Kila sketi huiachia pindo pana kwa ndani ili mwenyewe akirefuka lifumuliwe lishushwe. Sasa asubuhi moja waliniletea msichana mdogo aliyegongwa na pikipiki akivuka kwenda shule, mguu umevunjika vibaya. Nilishika mkasi nikaikata sketi, kama tunavyofanya siku zote. Msichana alipona, na siku hizi huchechemea pale tu anapotaka kuonewa huruma. Lakini mama yake aliichukua ile sketi akampelekea Mama aone kama inaungika.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameiweka magotini. Aliniuliza nani amekata hivi. Nikasema ni mimi. Akanigombeza kwamba mtu hapasui kitambaa katikati, anafuata mshono, na kwamba yeye hakunilea hivyo. Halafu akaligeuza pindo, lile pana, ambalo lilikuwa halijashushwa hata mara moja, akanyamaza. Wewe unamjua Mama kwa maneno. Sikuwahi kumwona amenyamaza namna ile tangu Baba afariki. Nililia mimi, kwa niaba yetu wote wawili.

Wiki iliyofuata akaniomba ufunguo wa gari lako.

Mwalimu wa udereva alirudi kutoka somo la kwanza anajifuta jasho. Aliniambia kwamba maisha yake yote amekuwa akiwasihi wanafunzi wapunguze mwendo, na huyu ndiye wa kwanza kumsihi aongeze. Gia ya tatu Mama anaijua kwa kusikia. Mtihani alishindwa, akarudi, akashindwa, akarudi, mpaka nadhani walimpa leseni ili wapumzike. Basi ikawa kila asubuhi ya shule, watoto wanapoanza kuvuka, Mama anatoka kituo cha mafuta mpaka darajani, anageuza, anarudi, anakwenda tena. Unajua barabara ilivyobana pale, mtaro upande huu na ukuta wa shule upande ule. Ukimkuta mbele yako humpiti. Nyuma yake lori, nyuma ya lori basi, wote wanatambaa kama wanakwenda kuzika. Honi zinalia, naye anatoa mkono dirishani kuwapungia, akifika nyumbani anasema madereva wa siku hizi wana salamu sana.

Nilimwomba aache. Nakiri, hata mimi nilimwonea haya. Hapo hospitali wenzangu waliniuliza kwa upole kama Mama yuko sawa kichwani. Lakini ni wenzangu hao hao walioanza kusema kwamba asubuhi zetu zimetulia. Zamani chai ilikuwa inapoa mezani, tukiirudia ina utando juu. Sasa tukawa tunaimaliza ingali moto, na hatukujua tumshukuru nani.

Mkuu wa trafiki yeye alijua. Aliitisha mkutano kutangaza kwamba ajali za asubuhi zimepungua, na kwamba zimepungua kwa sababu ya mabango yake. Mtu wa baraza la mji akasema hapana, ni ule mstari mweupe waliouchora. Wakavutana pale mbele yetu, kila mmoja ana mtoto wake wa kubatiza. Ndipo akasimama mwenyekiti wa madereva, yule bwana mnene tunayemwita Honi kwa sababu hajui kunong'ona. Akasema wasidanganyane, si bango wala mstari, ni bibi mmoja na kigari cha kijani, wanachelewa kila siku kwa ajili yake, na yeye kwa niaba ya wenzake anataka aondolewe barabarani. Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana kila mtu alikuwa amesikia vizuri alichokisema. Hata yeye mwenyewe nadhani alijisikia, kwa sababu alikaa chini kabla hajamaliza. Lakini mkuu wa trafiki alikuwa ameshaaibika, akaahidi kwamba atakwenda binafsi kumpima Mama macho na viungo, na akishindwa leseni ataichukua. Hiyo ndiyo habari iliyokufikia wewe huko.

Sasa shika moyo, kaka yangu. Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Mama haendeshi. Tangu mvua za mwaka huu zianze hajagusa usukani. Alipatwa na kiharusi. Daktari alisema ni kidogo, na mimi ninayelala chumba kimoja naye naona kweli ni kidogo. Anaongea vizuri, anakula, anagombeza. Ila mkono wake wa kushoto haushiki kitu, na mguu anauburuta. Hashoni tena. Cherehani nimeifunika shuka, kwa sababu akiiona wazi anainuka kuiendea, halafu anakumbuka. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, akaniapisha nisikuambie. Alisema utaacha kazi uje ukae kando ya kitanda umtazame, na yeye hana sura ya kutazamwa. Kila barua tangu hapo nimekuandikia hatujambo. Nisamehe. Nilitii kiapo, lakini sikuwahi kukuficha jambo maishani mwangu na sikuipenda ladha yake.

Alipokuwa bado wodini, tukaletewa baba mmoja na mwanawe waliogongwa na lori pale pale mbele ya shule. Barabara ilikuwa wazi tena, na madereva walikuwa wamerudia mbio zao. Wote wawili wako hai, tushukuru. Wodi ya wanawake iko jirani na chumba chetu, Mama alisikia vilio. Nilipokwenda kumtazama akaniuliza kama ni barabara yetu. Ningemdanganya, ila nilikuwa na damu kwenye mikono ya gauni. Akauvuta mkoba wake kwa mkono mmoja, akapekua, akatoa ufunguo akaniwekea kiganjani.

Kwa hiyo huyo bibi anayekutia aibu, kaka, ni mimi. Najifunga kitambaa cha Mama kichwani, navaa miwani yake ya zamani niliyoitoa vioo, najikunja kidogo kwenye usukani. Leseni ninayo, ile uliyonisumbua mpaka nikaipata kabla hujaondoka. Kwa nini nijifanye Mama? Kwa sababu bibi wanampigia honi tu, lakini msichana wangeshuka wakamtoa kwenye gari. Nikimaliza, naliegesha hospitali nyuma ya chumba cha kufulia, navua kitambaa navaa kofia ya kazi, naingia zamu kama mtu mwenye akili zake. Na usifikiri napata sifa. Mama anakaa barazani anasikiliza kwa masikio, jioni ananiambia kwamba leo nimetia gia ya tatu, nisibishe, ameisikia.

Mkuu wa trafiki alikuja kweli, na akachagua asubuhi. Hili Mama ndiye aliyenisimulia, kwa machozi ya kicheko. Alimkuta barazani, mkono wa kushoto umelala mapajani. Akaanza kumweleza kwa heshima zote habari ya vipimo, anavyosikitika, sheria ni sheria. Hajafika mbali, kigari cha kijani kikapita mbele yao, taratibu, bibi ndani, malori na mabasi nyuma. Mkuu akatazama barabara. Akamtazama Mama. Akatazama tena barabara. Mama akamkaribisha chai, akakubali, akainywa yote bila kuuliza swali. Alipoinuka akasema kwamba amejionea mwenyewe, dereva ana macho mazuri na viungo vizima, naye haoni sababu ya kuchukua leseni ya mtu. Ila anaomba Mama amfikishie bibi huyo ujumbe kwamba taa yake ya breki ya kushoto haiwaki. Nimeshaibadilisha.

Sisemi kwamba kigari kimoja ni dawa. Mimi ni muuguzi, najua tofauti ya kutibu na kubana kidonda kwa mkono mpaka daktari afike. Mkuu amepeleka upya ombi la matuta, kwa jina lake safari hii, na nasikia Honi naye ametia sahihi. Jibu halijaja. Likija, nitaliuza gari lako hata kesho.

Lakini hilo silo lililonifanya nikae niandike. Juzi nilikuwa namchana nywele Mama, akaniambia nikuandikie. Nikamuuliza nikuandikie nini. Akasema niandike uje. Kaka, wewe unajua kwamba mama yetu hajawahi kumwita mtu. Hata tulipokuwa tunamzika Baba alisema mwenye kazi zake asijisumbue. Sasa amesema uje. Nilimaliza kumchana nikatoka nje kidogo.

Njoo. Ukiweza njoo na wifi na watoto, wamwone bibi yao angali anagombeza. Basi la kutoka huko linaingia mjini asubuhi, saa zile zile watoto wanavuka. Najua siku hiyo utakuwa na haraka kuliko abiria wote, utakuwa umesimama mlangoni na mzigo mkononi, na dereva atakuwa anapiga honi mpaka basi zima linatikisika. Mimi nitakuwa mbele yenu. Huenda nitakuona kwenye kioo, na moyo wangu utakuwa unakwenda mbio kuliko wako, kwa sababu nimekukosa miaka yote hii. Hata hivyo sitaongeza mwendo, kaka, wala sitakupisha. Vumilia. Mama utamkuta.

Nisalimie wote walio chini ya dari lako, na wabusu wanangu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri, na uje na sweta, asubuhi kuna baridi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mkaidi yule yule,

Kitindamimba