Nyutroni Hazitumwi kwa Mshenga

Shangazi Stumai, shikamoo. Nimekwama, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha. Mimi naitwa Saada, kwetu ni wenye maduka hapa Singida mjini, nasoma shahada ya pili ya fizikia Dodoma, na kazi yangu ni vihisi, yaani vijidude vidogo kama punje ya mtama vinavyopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, maana huko duniani watu wanajenga mitambo ya kuwasha moto kama wa jua ili wapate umeme, na moto ule huwezi kuuchungulia kwa macho, lazima vihisi vikae karibu viutazame kwa niaba yetu, lakini moto wenyewe unatoa nyutroni, chembe ndogo mno zisizoonekana, zinazovipiga vihisi mpaka vinaharibika, na cha ajabu Shangazi, kikishapigwa sana hakipofuki tu, kinaanza kuona mwanga hata ukikifungia kwenye boksi jeusi tii, halafu ukikipasha joto kwa kiasi kinapata nafuu, na nikianza kuwaza kwa nini joto linakiponya hiki na kile hakiponi nasahau hata kula.

Sasa nimepata nafasi ya mwaka mmoja Ulaya, kwenye maabara ambako vihisi vinapigwa hizo nyutroni, nao wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wakati huohuo Ashrafu ameleta posa, tunapendana kweli, na kwetu mambo ya posa yote yanapita kwa mshenga, kwa hiyo nilimwomba mshenga wetu, Mzee Abdulmajidi anayeuza mafuta ya alizeti, afikishe habari ya safari, naye akaenda kwa mama yake Ashrafu akasema binti anakwenda mahali ambako mionzi inapofusha macho ya mashine. Bi Zabibu akajibu, "Kama jicho la mashine linapofuka, kizazi cha mtoto wa kike kitabaki?" Nikamtuma mshenga tena na maelezo ya nyutroni na kuta za zege, akarudi na jibu kwamba nichague, safari au posa. Ashrafu yuko kimya tangu siku hiyo. Nifanyeje?

Saada, Singida mjini

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yako, mara ya pili kwa ajili ya hivyo vijidude, maana hata mimi sasa nataka kujua vinaona nini humo gizani.

Lakini wewe nawe! Mzee wa watu kazi yake ni kupeleka salamu na mambo ya mahari, unambebesha nyutroni? Mshenga hodari hupunguza maneno ili watu wasigombane. Fizikia ukiipunguza hivyo inabaki kutisha tu.

Bi Zabibu usimnunie. Ameuliza swali la haki na bado hajajibiwa. Nenda mwenyewe, mwamkie, kaa naye jikoni umsaidie kuchambua mchicha, halafu umweleze kwamba kihisi kinawekwa mbele ya mionzi yenyewe na wewe unakaa nyuma ya zege ukiwa na kipimo cha mionzi kifuani. Usimdanganye kwamba hakuna hatari kabisa. Mwambie hatari ipo, inapimwa, na ina kikomo kisichoruhusiwa kuvukwa. Usilolijua, mpigie simu mtaalamu wa usalama wa mionzi wa chuoni kwako hapohapo mbele yake, aulize mwenyewe. Beba pia kihisi kipya ambacho hakijapigwa chochote, pamoja na mita ya kupimia umeme wake, akimulikie tochi ya simu aone namba zinavyopanda. Mtu akishashika kitu mkononi huwa anaanza kuuliza maswali mengine.

Nafasi ikubali leo. Usingoje kikao cha ukoo, hao wa Ulaya hawana habari na vikao vyetu.

Kinachonikera mimi ni huyo Ashrafu. Mama kasema, mshenga kasema, wewe umesema, hata mimi nisiyehusika nimesema. Bwana harusi hajasema. Mkalishe umuulize uso kwa uso kama atakungoja mwaka mmoja. Akisema anaogopa, mjibu kwa upole, hofu ina dawa. Akikwambia, "Mama ndiye anayejua," mshukuru kwa kukuambia mapema, kisha nenda kafunge begi.