Kompyuta Juu ya Tanuri

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula na umelala kama watu. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yake yametulia, siku hizi anapanda ngazi akiimba. Baba naye hajambo, ingawa najua hukumuulizia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja tu, mtandao wako unaharibika ghafla.

Ulitaka kujua ile kompyuta ya michezo imefikia wapi. Imekamilika! Niliyoyapitia nayajua mwenyewe. Chumba cha juu unakijua: chini yake tanuri la mikate, na unga umetanda mpaka kwenye shuka. Laptopu ya zamani ilikuwa ikishika joto katikati ya mchezo, inazima, na mwenzako uwanjani anabaki anapigwa peke yake. Niliapa hii mpya haitazima, hata tanuri liwe limejaa mikate.

Muuzaji dukani alinipokea kwa kasha la kompyuta la kioo lenye taa kama ukumbi wa harusi, na kipoozeo cha maji. Akasema wateja wote wanalipenda. Nikamwambia mimi ninakotoka ni unga na moto, na kioo hakipumui. Nikachagua kasha lenye uso wa wavu na kipoozeo cha mapezi ya chuma chenye feni kubwa, maana maji yakivuja humo ndani sina pa kulilia. Kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, nikachukua ya wastani. Ile kubwa inatema joto, nami joto ninalo la kutosha. Alinicheka. Duka lake lina kiyoyozi, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kuiunga tuliunga na baba. Ndiyo, baba huyohuyo aliyesema kompyuta yako ataitia tanurini. Nilipopaka pesti, ule uji wa kijivu unaokaa kati ya prosesa, ubongo wa mashine, na kipoozeo, yeye akaona ni kidogo, akataka kuongeza kama anapaka siagi. Nusura tuvunjiane heshima. Kisha akanipokonya bisibisi, akafunga feni zote tatu mwenyewe.

Tukawasha. Mchezo ukaanza vizuri, halafu mashine ikanguruma na kuzima. Mama akauliza kutoka mlangoni kama imeshaiva. Nikachungulia: feni zote tatu zilikuwa zinavuta hewa ndani, hakuna hata moja ya kutoa! Mtu aliyetumia maisha yake yote akizuia joto lisitoke tanurini, utamlaumuje? Nilitaka kucheka, lakini yeye alikaa kitandani kichwa chini, akasema labda aache tu, mambo haya ni ya vijana. Uso ule uliniuma. Nikamwambia hakuna kuacha, ashike bisibisi. Tukazigeuza ya nyuma na ya juu zitoe hewa, na ya mbele tukaiwekea wavu wa chekeche ili unga ubaki nje. Tangu hapo tanuri linawaka chini, na juu mashine inanong'ona tu.

Sasa kaa kitako. Kompyuta si yangu. Mimi kwenye mchezo ule hata kuruka ukuta siwezi. Ni ya baba. Ulipoacha kupokea simu zake, alinijia akauliza siku hizi unapatikana wapi. Nikamwambia mchezoni. Akataka nimfundishe kuingia. Yule mwenzako unayemwita Kobe, anayekwama madirishani na hajawahi kukuongelesha kwa sauti, unayesema anakatika kila mara lakini lazima arudi, ni baba yako. Hasemi kwa sababu ungeijua sauti yake. Laptopu ilipokuwa ikizima, alizunguka chumba kizima akisema amemwacha mtoto peke yake.

Amenikataza kukuambia. Nimekuambia, na sijutii. Maneno aliyokutolea siku ile unaondoka yalikuwa mabaya, na sikuombi uyasahau. Lakini mimi nimechoka kumtazama akijificha. Wewe unamwandikia "tembea basi, we Kobe, unatuchelewesha," naye anacheka mpaka machozi, mtu ambaye zamani ukimwamkia umekaa nyumba haikaliki. Nampenda baba, nakupenda na wewe, na ujinga huu wa kutosemezana mimi nimeufikisha mwisho.

Basi Jumamosi ukiingia uwanjani, kabla hujamtuma kokote, mwandikie neno moja tu: shikamoo. Nitakuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Mama anakusalimu sana. Jirani zetu wote wanakuulizia. Ubaki salama, na Mungu akupe moyo mwepesi.

Ni mimi dada yako mkubwa,
asiyeshindwa na fundi wala muuzaji.